Wasifu wa Bi Kona, Mwenyekiti wa Kikao Kisichofungwa

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi wanaushirika mliokaa safu ya mbele kana kwamba leo kuna kura: familia ilikutana Alhamisi jioni kuchagua nani asome wasifu huu. Mimi nilikuwa nimetumwa dukani, ndiyo maana nikashinda kwa kauli moja. Mama ameipitia karatasi hii na kukata mizaha minne. Iliyobaki ni ile ambayo marehemu mwenyewe alishaicheka, kwa hiyo mwenye malalamiko ayapeleke kwake.

Jina lake la kwenye cheti mnaliona juu ya picha. Hapa nitamwita kama mlivyomwita: Bi Kona. Kwangu alikuwa mama mkubwa, ndugu wa toka nitoke wa mama yangu.

Bi Kona alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha pili cha nyumba ya vyumba sita nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa fundi viatu, mama yake alishona magunia. Yeye alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake, yaani mama yangu, alizaliwa tarehe 2 Juni 1961, na uzazi ukafungwa hapo. Wawili hao walilala kitanda kimoja na kujifunika shuka moja, nalo halikutosha. Bibi alichoka kuamua kesi ya shuka kila asubuhi, akaweka sheria: kila mmoja ashike kona yake, atakayeachia alale na baridi yake, asimwamshe mtu. Mama amekuwa akisimulia miaka yote kwamba dada yake hakuwahi kuachia kona hata akiwa amelala fofofo. Juzi, tukiwa tunachambua picha za kuweka kwenye jalada, akaongeza kipande ambacho hakuwahi kukisimulia: kwamba kuna asubuhi aliamka akakuta amefunikwa yeye peke yake gubigubi, na dada yake amejikunyata ukingoni mwa kitanda, kona bado imo ngumini, shuka lote liko upande wa pili.

Aliingia darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimteua mtoto mrefu kuliko wote awe kiranja, kwa sababu anaonekana kwa urahisi. Bi Kona akanyoosha mkono kuuliza kwa nini watakaoongozwa hawakuulizwa. Alisimamishwa nje mpaka saa sita mchana. Aliporuhusiwa kuingia, akaketi, akanyoosha mkono tena, akauliza kama suala lile limeshajadiliwa.

Alifaulu kwenda sekondari. Mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo babu akafariki, na nyumba ikabaki na sindano moja ya kushonea magunia. Bi Kona akaomba ya pili. Alisema mwenye kusoma atakuwa mdogo wake, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama hilo limepigiwa kura.

Tarehe 3 Februari 1975, siku ya Jumatatu, aliajiriwa kwenye udobi ule mnaoujua, jengo la matofali lenye bomba refu la moshi, uliofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Alianzia kwenye masinki, akahamia kwenye mashine ya kukamua, akafika kwenye meza ya kukunja, na hapo akatia nanga. Jina la Bi Kona lilitoka pale, kwa sababu aliyekunja naye hakusikia kitu kingine kutwa nzima ila shika kona, kona hiyo, kona. Januari 1978 mama aliacha shule akiwa amemaliza kidato cha pili. Hakumwambia mtu. Alikwenda moja kwa moja udobini, akasimama upande wa pili wa meza, akaokota ncha mbili za shuka. Bi Kona alimwita mjinga, akamwita mpumbavu, akamkumbusha kila gunia lililoshonwa kwa ajili yake, kisha akamwambia avute vizuri, shuka linalegea.

Kwa wasioijua kazi hii, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wawili husimama mbalimbali, kila mmoja na kona mbili. Hulivuta likakaza kama ubao, hulikunja kwa urefu, kisha mmoja hubaki amesimama na mwingine humwendea mpaka mikono ikutane. Anayesimama huitwa nguzo, anayetembea huitwa mguu. Watu wengine hupeana zamu. Hawa wawili hawakupeana: Bi Kona nguzo, mama mguu, mashuka mia tatu kwa siku, kwa miaka ishirini na minane. Mama anasema waliusengenya mji mzima kwa vipande, kwa sababu walikutana kwa sekunde mbili tu halafu wakaachana, na neno likakatikia hapo mpaka shuka lijalo. Ukitaka kusikia nani kamwacha nani, ilikupasa ungoje mashuka manne.

Ijumaa tarehe 29 Julai 1988, mwenye udobi aliwakusanya wafanyakazi ishirini na wawili akawaambia kazi imekwisha, yeye anahamia kwenye biashara nyingine, Jumatatu wasije. Watu hupenda kusimulia kwamba siku ile walisimama kidete, wakainua ngumi. Mzee Moshi, fundi wa boila, ambaye alikuwepo na leo yupo hapa, anasema hapakuwa na ngumi yoyote. Ila mashuka ya wadi nzima yalikuwa yameshalowekwa. Bi Kona aliuliza tu: sasa haya, wagonjwa walalie nini? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakafua Jumamosi, wakaanika Jumapili, na Jumatatu tarehe 1 Agosti wakayapeleka hospitali, wakarudi na machafu. Saa kumi alasiri wakakaa juu ya marobota kufanya kikao chao cha kwanza, kila mtu na kura moja, awe wa boila au wa kufagia. Mwenye udobi aliwaachia zile mashine kuukuu badala ya kiinua mgongo, na nadhani alidhani amewatania.

Waliamua kikao kiwe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Waliamua kiti cha mwenyekiti kizunguke kwa namba za makabati yao ya nguo, kila kikao mtu wake, ili asiwepo wa kukizoea. Na waliamua jambo la tatu, ambalo ndilo limetuweka hapa tulipo leo.

Katika miezi ile ya mwanzo, aliyeshindwa kura hakugomba kwenye kikao. Alikwenda kugombea kwenye masinki, kesho yake, chini kwa chini. Bi Kona akaleta hoja: hoja ikianguka, aliyeitoa ndiye asimame autangaze uamuzi kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya wanachama, na kikao kisifungwe mpaka atangaze. Alisema mtu akishalitamka jambo kwa mdomo wake, mdomo uleule utaona haya kulinung'unikia. Wa kwanza kutangaza alikuwa Mzee Moshi, aliyetaka kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi. Alisimama akasema: "Tumeamua tuanze saa moja. Mimi naona ni uvivu. Lakini tumeamua." Wakacheka, kikao kikafungwa, na hakununa.

Hata ndoa yake ilipita humo. Dereva wa gari la mashuka alikuwa ameajiriwa na ushirika, hakuwa mwanachama, na alikuwa amempenda Bi Kona mpaka akawa anapotea njia kwenye barabara iliyonyooka. Alipotamka nia yake, alijibiwa hivi: "Siolewi na mtu ninayemtuma. Ingia kwanza uwe na kura, ndipo uniulize." Akaomba uanachama, akapewa. Katika kikao chake cha kwanza Bi Kona alileta hoja kwamba gari lipakwe rangi ya kijani. Dereva akapinga, akasema kijani hakionekani usiku, na hoja ikaanguka. Bi Kona akasimama akatangaza kwa kinywa chake kwamba gari litabaki jeupe, akaketi, akamwinamia mama akamnong'oneza kwamba huyu sasa anafaa. Walioana Jumamosi tarehe 8 Desemba 1990, wakajaliwa watoto wawili. Baba mkubwa alitutoka tarehe 19 Mei 2015, akiwa ameliendesha gari lile jeupe mpaka siku ile.

Bi Kona hakuukalia ushirika kama kuku anavyokalia mayai. Waoka mikate wa barabara ya pili walipofungiwa tanuri lao, alikwenda kukaa nao Jumapili sita mfululizo mpaka wakaanzisha wa kwao. Walifuata wachomeleaji, kisha walezi wa watoto, kisha wale kina mama wa kusafisha maofisi. Leo ushirika mmoja ukikwama, mwingine unatoa watu: wachomeleaji wanaziba bomba la boila, waoka mikate wanafuliwa aproni. Alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba usawa ni kama kufua, usidhani ukishafua umemaliza, mashuka yanarudi machafu kesho asubuhi. Kila mahali aliacha ile kanuni ya aliyeshindwa kutangaza. Ila kuanzia mwaka 2006 akawa anaongeza onyo: msiiandike kama sisi tulivyoiandika.

Sasa nifike kwenye mwaka huo.

Jumatatu tarehe 6 Machi 2006 kilikuwa kikao cha 212. Kiti kilikuwa cha kabati namba nane, yaani Bi Kona. Wanachama walikuwa ishirini na watano. Kulikuwa na kampuni iliyotaka kuingia ubia: ingeleta mashine mpya za kukausha na ya kukunja, nayo ingeweka meneja wake. Mtoa hoja ya kukubali alikuwa mama. Hakuwa msaliti, ingawa wapo waliomwita hivyo na leo wamekuja na mashada. Vidole vyake vilikuwa vinabanduka ngozi kwa sabuni na maji ya moto, mgongo wake ulikuwa umeshakataa ngazi, na alisema mbele yao wote kwamba kura haipaki mtu dawa. Bi Kona alipinga. Alisema mashine tutanunua polepole, lakini meneja akiingia hatoki, na mtu aliyekwisha kuwa na kura hawezi kurudia kuwa na zamu tu. Walibishana saa mbili. Kura zilipohesabiwa, waliokataa walikuwa kumi na watatu, waliokubali kumi na wawili.

Bi Kona akamwambia: "Mdogo wangu, simama utangaze."

Mama akasimama. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. "Ngoja kwanza nikapunge upepo nje," akasema.

Wakamngoja. Chai ikapoa. Mzee Moshi akaenda kuzima boila, akarudi, wakaendelea kungoja. Giza lilipoingia, Bi Kona akawaambia waende nyumbani, kikao kitaendelea.

Hapo ndipo wakagundua kosa lao, na nawaambieni, ni kosa ambalo wangeweza kulifanya madobi hawa peke yao. Masharti waliyoyaandika yalisema kikao kisifungwe mpaka mtoa hoja aliyeshindwa atangaze. Hayakusema afanyeje asipokuwepo. Kubadilisha masharti kunataka kikao kipya, na kikao kipya hakifunguliwi kama cha zamani hakijafungwa. Na mwenyekiti hashuki kitini mpaka kikao kifungwe. Kwa hiyo ushirika uliojengwa ili mtu asizoee kiti ukajikuta na mwenyekiti mmoja kwa miaka kumi na minane. Bi Kona alilionea haya jambo hili kuliko lolote maishani mwake. Kila Jumatatu ya kwanza alianza kwa kuomba radhi kwamba bado ni yeye, kisha akasema maneno yaleyale: "Tunaendelea na kikao cha 212. Mwenzetu mmoja ametoka kupunga upepo."

Afisa wa ushirika alikuja kukagua daftari la kumbukumbu, akauliza hiki kikao kina umri gani. Akaambiwa kinaingia darasa la tatu.

Njia za kutokea zilikuwepo. Pasi, yule wa meza ya pasi, mwenye kabati namba tisa na ambaye zamu yake ya kiti ndiyo iliyofuata, alijitolea kutangaza kwa niaba, kwa kuwa naye alipiga kura upande wa mama. Bi Kona alikataa. Wengine walishauri wajifanye tu wamefunga, nani atajua. Alikataa kwa ukali zaidi. Alisema akikifunga kikao, mdogo wake atakuwa ameondoka. Kikiwa wazi, yuko nje tu.

Mama alikwenda kufanya kazi kwenye udobi wa hoteli moja kubwa, mitaa mitatu kutoka pale, penye mashine ya kukunja. Ili asipite mbele ya bomba lile la moshi, alizunguka sokoni, dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, mvua na jua. Nilipokuwa mkubwa wa kuuliza maswali ya kipumbavu, nilimuuliza mashine inakunja vizuri kuliko mtu? Alisema haikosei kona hata moja. Akaosha sahani mbili, akasema: "Ila haikufuati mpaka ulipo."

Upande wa pili, Bi Kona alibaki nguzo. Alihama upande wa meza, akasimama akiuelekea mlango, na kila mwanachama mpya alifundishwa kabla ya kitu kingine chochote: ukikunja na Bi Kona, wewe ndiye unayetembea. Aproni ya mama aliifua kila Jumamosi na kuirudisha kwenye msumari. Ikawa aproni safi kuliko zote katika historia ya udobi, na isiyo na kazi yoyote. Mimi nilikuwa nikimtembelea, kwa sababu ugomvi wa watu wazima haukunihusu na kwake kulikuwa na redio. Hakuniuliza habari za mama moja kwa moja. Aliniuliza vidole vinaendeleaje, kama vile vidole ni mtu. Nilipoiacha diploma yangu ya uendeshaji wa ofisi katikati, ukoo mzima ulinisema, yeye akanisaidia kwa namna yake: alisema yeye ana kikao hakijafungwa na mimi nina diploma haijafungwa, tuone nani atatangulia.

Februari mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Tarehe 2 Septemba, ambayo ilikuwa Jumatatu ya kwanza, aliendesha kikao akiwa amekaa kwenye robota na miguu juu ya ndoo. Tarehe 11 alilazwa wadi namba nne. Wauguzi wanasema hawajawahi kupata mgonjwa wa namna ile. Alilalia mashuka aliyoyafua mwenyewe, yenye alama ya uzi mwekundu kwenye pindo, na kila shuka lilipobadilishwa alilikagua. Alimwambia muuguzi mmoja kwamba hili limekunjwa na Pasi, angalia kona ilivyokwenda likizo. Pasi, usinune, mama aliacha hili lisomwe.

Jumapili tarehe 22 Septemba, saa tisa alasiri, mama alifika. Nilikuwepo, nikiwa nimekaa kwenye kiti kilichovunjika mgongo. Alisimama mlangoni na mkoba wake kama mtu aliyekosea wadi. Bi Kona alikuwa ameketishwa pembeni mwa kitanda ili kitandikwe, na muuguzi alikuwa ameitwa kwingine, ameliacha shuka safi juu ya godoro, limefunguka. Hakuna aliyesalimia. Bi Kona aliokota kona mbili, akazishika usawa wa kifua. Mama akaweka mkoba chini, akaokota mbili za upande wake. Wakavuta. Wakalikunja kwa urefu shuka ambalo lilipaswa kutandikwa, halikupaswa kukunjwa kabisa. Kisha mama akatembea. Ni hatua nne tu kwenye wadi namba nne. Nimeona watu wakitembea kwenda mbali kwa muda mfupi zaidi.

Mikono ilipokutana, haikuachana baada ya sekunde mbili.

Bi Kona ndiye aliyeanza. Alisema: "Sikumwogopa meneja peke yake. Niliiogopa ile mashine ya kukunja. Ingekuja, sisi wawili tungekutania wapi?" Akapumua kwanza. "Nusu ya kura yangu niliwapigia wenzetu. Nusu niliipigia meza. Na ilikuwa kura moja iliyozidi."

Mama aliziunganisha kona za shuka mikononi mwa dada yake. Kisha akasema: "Nilishindwa, dada. Nakubali."

"Usiniambie mimi. Mimi nimejua tangu siku ile. Kawaambie wenzako."

Mama akaahidi Jumatatu ya kwanza, tarehe 7 Oktoba, saa kumi. Wiki mbili zile zilikuwa za furaha, na ninalitumia neno hilo nikiwa na akili zangu timamu. Mama alihamia wadini na mto wake. Walimalizia umbea wa tangu 2006, na kwa kuwa hapakuwa na mashuka ya kuwakatiza, walisema sentensi nzima nzima, wakachoka haraka. Bi Kona alipanga kuletwa kikaoni kwa gari jeupe. Pasi alinunua shati. Mzee Moshi alinoa penseli.

Jumapili tarehe 6 usiku moyo ulilemewa. Jumatatu saa kumi wanaushirika walikaa kwenye marobota wakangoja, na mama alikuwa ameshika mkono wa dada yake wadi namba nne, hakwenda. Hakuna aliyemlaumu. Safari hii walijua aliko. Jumanne Bi Kona alipata nafuu kidogo, akauliza kama kikao kimefungwa. Akaambiwa bado. Akawaza, akatuangalia mmoja mmoja kwa jicho lile la mwenyekiti, akasema: "Basi msinizike na ajenda."

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Alizaliwa Alhamisi, akaondoka Alhamisi. Siku ya kikao aliiachia wenyewe. Mama ndiye aliyevuta shuka, akahakikisha kona ziko sawa.

Marehemu ameacha watoto wawili: kifungua mimba wake, fundi majokofu, na kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea. Ameacha wajukuu watano, ambao kila mmoja ana kura nyumbani kwao na wanaitumia vibaya. Ameacha mdogo wake wa pekee, na mimi, mtoto wa mdogo wake, ambaye nilimwahidi wadini kwamba Januari narudi chuoni, na sasa nimelitamka kwa mdomo wangu mbele za watu, kwa hiyo sina pa kutorokea. Ameacha wanaushirika thelathini, vyama vingine vinne vya ushirika vilivyojifunza kwake, aproni moja iliyotakata mno, na kikao kimoja.

Mzee Moshi amekuja na daftari. Akidi imetimia, nimeihesabu mara mbili. Masharti yanasema mbele ya wanachama, hayasemi ndani ya jengo. Mama ameketi kiti cha mwisho, karibu na njia, kama mtu anayetaka kutoka, lakini mkimtazama vizuri mtaona amevaa aproni. Atakachosema sijakiandika. Nilimwomba aniambie nikichape humu, akakataa, akasema kanuni ni kwa kinywa. Akishatangaza, Mzee Moshi ataandika saa, Pasi atapokea kiti alichokingoja miaka kumi na minane, ndipo tutamshusha dada yake.

Nimemaliza. Mama, karibu. Wanakungoja.

Na wewe, mama mkubwa, pumzika kwa amani. Shikilia upande wako usiachie. Sisi ndio tutakaotembea.